Programu ya kubana mafaili: anza na mtu atakayelifungua

Anayetafuta programu ya kubana mafaili huuliza kwanza ipi inabana zaidi. Lakini kinachoamua ukubwa ni kile unachokibana kuliko programu yenyewe. Folda ya maandishi matupu, majedwali ya CSV au kurasa za HTML inaweza kushuka hadi robo ya ukubwa wake, hata chini ya hapo. Folda ya picha za JPEG, video za MP4 na nyimbo za MP3 haipungui karibu chochote hata ukichagua kiwango cha juu kabisa, kwa kuwa mafaili hayo yalishabanwa tangu yalipotengenezwa. DOCX na XLSX ni hivyohivyo. Chukua nakala ya hati ya Word, badilisha kiendelezi chake kiwe .zip, kisha ifungue: utakuta folda iitwayo word na ndani yake faili la document.xml. Ni ZIP tangu mwanzo.

Kwa hiyo mimi naanza na swali jingine: nani atalifungua faili hili, na kwa kifaa gani?

Kama unamtumia mtu, tumia ZIP. Muundo huu uliletwa na Phil Katz mwaka 1989, na leo Windows, macOS, Android na iPhone huufungua bila kusakinisha kitu. Kwa kazi hii huhitaji hata kupakua programu, kwani Windows na macOS hutengeneza ZIP zenyewe ukibofya folda kwa kitufe cha kulia. ZIP ya asili huishia GB 4 na mafaili 65,535. Nyongeza yake ya Zip64 huvuka mipaka hiyo, ila programu kongwe zikikutana nayo hudai faili limeharibika ilhali ni zima.

Kama unahifadhi vitu vyako mwenyewe, nashauri 7-Zip na muundo wake wa 7z. Programu hii ya Igor Pavlov ipo tangu 1999, ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Kwenye Mac, programu ya Keka hutengeneza na kufungua 7z vizuri.

Kwa nini 7z hutoka ndogo? Njia zote mbili hutafuta vipande vinavyojirudia, na badala ya kukiandika kipande upya huacha alama tu kwamba kimeshapita huko nyuma. Njia ya kawaida ya ZIP hukumbuka KB 32 tu za nyuma, tena hubana kila faili peke yake. Ukiwa na kurasa 40 za HTML zenye kichwa kilekile, ZIP itakihifadhi kichwa hicho mara 40. LZMA2, njia inayotumiwa na 7z, ina kamusi (sehemu ya nyuma inayokumbukwa) ya megabaiti nyingi, na huweza kuyaunganisha mafaili yote kuwa mkondo mmoja. Kichwa kinaandikwa mara moja, na kurasa 39 zinazofuata zinakirejelea.

Hayo yote yana gharama, na ya kwanza ni RAM. Wakati wa kubana, LZMA2 huhitaji takriban mara kumi na zaidi ya ukubwa wa kamusi, hivyo kamusi ya MB 64 hula karibu MB 700. Ukiongeza nyuzi za prosesa (kazi zinazoendeshwa kwa wakati mmoja), matumizi yanaweza kupanda zaidi. Kompyuta yenye RAM ya GB 4 huanza kuganda, na mtu hudhani programu ni mbovu. Shusha kamusi hadi MB 16 au 32 na nyuzi ziwe 2. Dirisha la 7-Zip huonyesha kumbukumbu itakayohitajika kubana na kufungua. Zitazame namba hizo kabla ya kubofya OK, kwa sababu anayefungua naye lazima awe na RAM inayozidi kidogo ukubwa wa kamusi uliyochagua.

Gharama ya pili ni nzito zaidi. Baiti chache zikiharibika katikati ya mkondo ulioungana, mafaili yanayofuata katika mkondo huo hupotea pia, ilhali kwenye ZIP kwa kawaida linapotea moja tu. Hapa ndipo WinRAR ya Eugene Roshal ina sababu ya kulipiwa baada ya siku 40 za majaribio: muundo wake wa RAR unaweza kubeba data ya uokoaji, tuseme asilimia 5 ya faili, inayorekebisha uharibifu mdogo. Hata hivyo, kwangu nakala mbili kwenye diski mbili ni bora kuliko asilimia yoyote.

Kwenye nenosiri watu hukosea sana. Ukichagua ZIP ndani ya 7-Zip na kuweka nenosiri, mbinu ya kufunga kwa siri inayokuja yenyewe ni ZipCrypto, ambayo watafiti Biham na Kocher walionyesha jinsi ya kuivunja mwaka 1994. Badilisha iwe AES-256, mbinu imara zaidi, na umwambie mpokeaji atumie 7-Zip au programu nyingine inayoielewa, maana kuna matoleo ya Windows yasiyoifungua yenyewe. Jua pia kwamba kwenye ZIP majina ya mafaili huonekana hata bila nenosiri. Kwenye 7z unaweza kuyaficha kwa kuweka tiki kwenye «Encrypt file names».

Kwa picha na video chagua kiwango cha «Store», yaani kuhifadhi bila kubana: unazifunga pamoja bila kupoteza muda. Flashi ya FAT32 hukataa faili la GB 4 na kuendelea, kwa hiyo kwenye sehemu ya kugawa vipande weka 4092M. Vipande .001, .002 na vingine lazima vikae folda moja, na unafungua cha kwanza. Kwa barua pepe yenye ukomo wa MB 25, usivuke MB 18, kwa sababu kiambatisho huvimba kwa theluthi moja kinaposafirishwa.

Pakua 7-Zip kutoka 7-zip.org pekee. Haijisasishi yenyewe, wala WinRAR, hivyo angalia toleo jipya mara kwa mara. Mwaka 2023 WinRAR ilikuwa na tundu la usalama lililotumiwa na wahalifu kabla halijazibwa katika toleo la 6.23, na aliyebaki na toleo la zamani alibaki wazi.

Kabla ya kufuta mafaili ya asili, endesha «Test archive» na usubiri ujumbe wa kutokuwa na makosa. Na usihariri hati ikiwa bado ndani ya faili lililobanwa: unachokiona ni nakala ya muda, na ukifunga dirisha mabadiliko yako yanaweza kupotea nayo. Itoe kwanza kwenye folda ya kawaida, ihariri, kisha ubane upya.