Kabla ya Kusema Wazungu Wameacha Dini

Mtu akihamia Ujerumani, moja ya mambo ya mwanzo anayotakiwa kufanya ni kwenda kuandikisha anwani yake kwenye ofisi ya serikali. Katika fomu anayopewa kuna kisanduku kinachouliza dini. Wenzetu kutoka Moshi au Kakamega hujaza "Mkatoliki" au "Mlutheri" bila kusita, maana ndivyo walivyo. Akipokea mshahara, ndipo anapoona kwenye karatasi ya malipo makato asiyoyajua: Kirchensteuer, kodi ya kanisa.

Naanzia hapo kwa sababu kila takwimu mpya zinapotoka naulizwa swali lile lile: ni kweli Wazungu wameacha dini? Mimi huuliza kwanza ni nini kilichohesabiwa. Jina kuwemo kwenye daftari la kanisa si sawa na kujiita Mkristo, na kujiita Mkristo si sawa na kumwamini Mungu. Kwenda ibadani nako kuna hesabu yake. Ni vipimo tofauti, na havishuki kwa mwendo mmoja.

Kodi hiyo ya Ujerumani hukusanywa na serikali kwa niaba ya kanisa. Ni asilimia 8 katika majimbo ya Bavaria na Baden-Württemberg, na 9 kwingineko. Asilimia hiyo ni ya kodi ya mapato, si ya mshahara wenyewe: mahali pa asilimia 9, mwenye kodi ya euro 400 huongeza euro 36. Asiyetaka kulipa hana budi kujitoa kanisani, tena hajitoi mbele ya padri wala mchungaji. Huenda mahakamani au kwa msajili, kutegemea jimbo, akaonyesha kitambulisho, akatia saini, kwisha.

Mwaka 2022 Wakatoliki 522,821 walijitoa. Wapo waliokimbia makato, na wapo walioondoka kwa uchungu: mwaka 2018 uchunguzi ulioagizwa na maaskofu wenyewe ulikuta majalada ya kanisa yakitaja waathirika 3,677 wa unyanyasaji wa kingono uliofanywa na makasisi, wote wakiwa watoto na vijana wadogo. Mtu anaweza kulikasirikia kanisa hivyo na bado akapiga magoti usiku. Lakini kwa amri ya maaskofu wa huko ya mwaka 2012, Mkatoliki aliyejitoa hapokei tena sakramenti. Kwangu hili ni jambo zito, na ndiyo maana sipendi kuona watu hao wakiandikwa kwa jumla kuwa "wasioamini".

Uswidi mambo yamegeuka. Hadi mwaka 1996 mtoto wa mwanachama aliingia kwenye daftari la Kanisa la Uswidi kwa kuzaliwa tu. Mwaka 2010 karibu asilimia 70 ya Waswidi walikuwa bado wanachama. Mwaka huo huo Eurobarometer, utafiti wa maoni wa Umoja wa Ulaya, uliwauliza wanaamini nini: asilimia 18 tu walisema wanaamini yupo Mungu. Waliozidi hao kwa mbali walichagua jibu jingine, kwamba ipo roho au nguvu fulani ya uhai. Kanisa kwa wengi wao ni mahali pa kubatizia mtoto na kuzikia wazazi, na ada wanalipa.

England na Wales ndiko utaona uzito wa maneno ya swali. Sensa ya 2021 iliuliza, "Dini yako ni ipi?" Waliojibu Ukristo walikuwa asilimia 46.2, kutoka 59.3 mwaka 2011. Wasio na dini, 37.2. Lakini utafiti wa British Social Attitudes wa 2018, uliohusisha na Uskoti, uliuliza kama mtu anajihesabu kuwa wa dini yoyote, na asilimia 52 walisema hapana. Swali la sensa linachukulia kwamba dini unayo, kwa hiyo mtu anakumbuka ubatizo wake na kujaza. La pili linamwachia nafasi ya kukataa.

Kupungua kupo, nisieleweke vibaya. Ila si wazee wanaoamka asubuhi wamepoteza imani. Wazee wengi hufa nayo, na wajukuu hawakufundishwa hata sala ya kabla ya kula.

Hata Poland, nchi ya Papa Yohane Paulo wa Pili, sensa ya 2011 iliwapata Wakatoliki asilimia 87.6, na ya 2021 asilimia 71.3. Lakini mara hii mtu 1 kati ya 5 alikataa kujibu swali la dini. Ukisikia nao wakitajwa kuwa wamepoteza imani, rudi kwenye fomu: sensa haikuwauliza kama wanaamini.