Je, Wajua kwa Nini Akili Mnemba Bado Haijachukua Nafasi ya Mtengenezaji wa Programu?

Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayomjibu mtu kwa maandishi, ilipofunguliwa kwa watu wote tarehe 30 Novemba 2022, swali hili limekuwa likirudi kila panapozungumzwa habari za kazi na vijana: ikiwa mashine inaelezwa kwa maneno ya kawaida na baada ya sekunde chache inaandika msimbo, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata, kuna haja gani tena ya kumlipa mtu aliyeisomea kazi hiyo kwa miaka? Swali ni la haki, na anayelijibu kwa kudharau uwezo wa mashine hizi huenda hajawahi kuzitumia. Zinaandika msimbo, zinatafuta makosa, zinafafanua programu ya zamani ambayo aliyeiandika alishaondoka, na kazi iliyokuwa ikila siku mbili zinaimaliza kabla chai haijapoa. Ili kuona ni kwa nini mtengenezaji bado anahitajika, inatupasa kurudi nyuma kidogo, kabla msimbo haujaanza kuandikwa, tuisikilize sentensi ya kwanza inayotoka kinywani mwa mteja.

Tuchukue mfano wa chama cha akiba na mikopo cha walimu, SACCOS ya wilayani yenye wanachama mia chache, ambayo hadi leo hesabu zake zimo katika daftari la mhazini na mafaili machache ya Excel. Mwenyekiti anaeleza anachohitaji: "Tunataka mfumo wa mikopo. Mwanachama akope hadi mara tatu ya akiba zake, kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi, na alipe ndani ya mwaka mmoja." Wote waliokaa mezani wanaitikia kwa kichwa, kwa kuwa kila mmoja anaona jambo limeelezwa likaeleweka. Ukiipa akili mnemba maneno hayohayo, itakujengea mfumo wenye kurasa za kupendeza na vitufe vinavyofanya kazi.

Sasa tuhesabu hiyo riba. Mwalimu amekopa shilingi 1,200,000. Ikiwa asilimia moja inatozwa kila mwezi kwenye mkopo wote aliochukua, bila kujali amekwisha kurejesha kiasi gani, atalipa riba ya shilingi 12,000 kila mwezi kwa miezi 12, yaani 144,000. Ikiwa inatozwa kwenye deni lililobaki tu, naye anapunguza mkopo kwa 100,000 kila mwezi, riba itaanzia 12,000, ishuke hadi 11,000, kisha 10,000, mpaka ifikie 1,000 katika mwezi wa mwisho, na jumla yake itakuwa 78,000. Na ikiwa chama kinataka makato yote yalingane, kwa sababu mwajiri hukata mshahara kwa kiwango kimoja kila mwezi, basi kila kato litakuwa takribani shilingi 106,600, na riba yote itakaribia 79,400. Maneno ya mwenyekiti hayajabadilika hata herufi moja, lakini kati ya namna ya kwanza ya kuyasoma na ya pili kuna tofauti ya shilingi 66,000, nayo itatoka au haitatoka mfukoni mwa mwalimu yuleyule.

Na hiyo ni riba, ambayo angalau ina kanuni zinazojulikana. "Mara tatu ya akiba zake" ni kichaka kinene zaidi. Ni akiba za leo, au za mwisho wa mwezi makato ya mshahara yakishaingia? Aliyeweka fedha kwa mkupuo jana ili aongezewe mkopo kesho, akiba hiyo inahesabiwa? Kama sehemu ya akiba zake imemdhamini mwenzake ambaye bado anadaiwa, je, anaweza kuitumia tena kukopea? Mwenye mkopo wa dharura ambao haujaisha anakopa kiasi gani? Na yule anayestaafu baada ya miezi mitano, huku mkopo ukiwa wa miezi 12, makato yake yatatoka wapi?

Mhazini ukimuuliza swali hilo la mwisho, anaweza kukujibu kwa neno moja tu: "Huyo tunamwangalia."

Neno hilo linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa maana ndani yake mna kazi yote ambayo mfumo mpya unatakiwa kuibeba. Kumwangalia mwanachama ni kukumbuka kwamba mwaka juzi alichelewa kwa sababu ya msiba akalipa baadaye, kujua kwamba mdhamini wake ni mtu wa kuaminika, kupima kiinua mgongo atakachopata, na kisha kuamua baada ya mazungumzo mafupi kati ya watu watatu wanaojuana. Kwa miaka yote hiyo chama hakikuhitaji kanuni kwa ajili ya mstaafu, kwa kuwa kila mara alikuwepo mtu wa kumwangalia. Kompyuta haina pa kuuweka uamuzi wa namna hiyo mpaka ugeuzwe kuwa sharti: nani anaruhusiwa kuidhinisha, kwa kiwango gani, na kwa ushahidi upi. Kwa hiyo maelezo ya mteja yanapokuwa na ukungu, tusiharakishe kumlaumu kwamba ni mvivu au hajui biashara yake. Mara nyingi hakuna alichokificha, maana uamuzi wenyewe haujawahi kufanyika.

Hapo ndipo tofauti kati ya mtengenezaji mzuri na akili mnemba inapojitokeza. Mashine hizi zimefunzwa kwa maandishi mengi mno, na kazi yake ni kutoa mwendelezo unaoelekea kulingana zaidi na maneno iliyopewa. Inapokuta pengo katika maelezo, mara nyingi hulijaza kwa jambo lililozoeleka katika maandishi iliyojifunzia, ambayo kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza na yanaeleza taasisi za nchi nyingine. Itachagua namna moja ya kutoza riba, iendelee mbele kwa ufasaha uleule, na huenda isikuambie kwamba imekisia. Hata saa yaweza kuwa mtego: katibu akiagiza ripoti itumwe "saa mbili asubuhi", sisi sote tunajua ni wakati gani, lakini mashine iliyozoea saa za Kiingereza inaweza kuituma saa nane za usiku, watu wakiwa wamelala.

Ni kweli kwamba unaweza kuiamuru iulize maswali kabla ya kuandika chochote, nayo itauliza, tena mengine yatakuwa mazuri kuliko ya mtaalamu mwenye haraka. Uwezo huo ni mkubwa, na anayefanya kazi hii asipoutumia anajinyima. Lakini swali kuhusu mstaafu haliwezi kujibiwa na mashine, wala mwenyekiti hana mamlaka ya kulijibu peke yake. Linahitaji kamati ya mikopo ikae, pengine masharti ya chama yarekebishwe katika mkutano mkuu, na kabla ya hapo anahitajika mtu wa kuwaonyesha viongozi hizo namna tatu za riba kwenye karatasi moja, awasikilize wakibishana, na atambue kwamba mhazini na mwenyekiti wamekuwa wakitumia neno moja kwa maana mbili.

Tumaini la kuiruka hatua hii ni la zamani. Mwaka 1959 kamati iliyoungwa mkono na Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilianza kubuni COBOL, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ambayo ilifuata kwa kiasi kikubwa kazi ya awali ya Grace Hopper, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, na ambayo maagizo yake yaliandikwa kwa maneno ya Kiingereza cha kawaida ili hata mameneja waweze kuyasoma. Badala ya mameneja kujiandikia programu zao, kuandika COBOL kukawa taaluma, na hadi leo zipo benki zinazotegemea programu zilizoandikwa kwa lugha hiyo. Mwaka 1986 Fred Brooks, ambaye katika miaka ya 1960 alisimamia ujenzi wa mfumo endeshi wa OS/360, yaani programu kuu ya kuendeshea kompyuta, katika kampuni ya IBM, alieleza sababu yake kwa kutenganisha ugumu unaotokana na vyombo tunavyotumia na ugumu uliomo katika jambo lenyewe. Vyombo vikiboreshwa, ugumu wa kwanza hupungua. Wa pili hubaki, na kwa maoni yake sehemu ngumu kuliko zote ni kuamua kwa usahihi ni kitu gani kinachotakiwa kujengwa.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni M-Pesa. Ilipofanyiwa majaribio nchini Kenya kuanzia mwaka 2005, ilikusudiwa kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo kupokea na kurejesha mikopo yao kwa simu. Watu walipoipata wakaanza kuifanyia mambo mengine, hasa kutumiana fedha wao kwa wao, na ilipozinduliwa rasmi mwezi Machi 2007 ilitangazwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Mtu angekuwa amewapa wajenzi wake maelezo kamili yasiyo na doa kuhusu marejesho ya mikopo, wangejenga kwa uaminifu kitu kingine kabisa. Watumiaji wenyewe wasingeweza kuwaeleza mapema, kwa sababu walikijua walichokitaka baada ya kukishika mkononi, na walihitajika watu wa kukaa karibu nao, waone wanachokifanya, na wawe na ujasiri wa kubadili mpango.

Haya yote hayana maana kwamba kila mtu kazi yake iko salama. Ambaye kazi yake ilikuwa kugeuza maagizo yaliyokwisha kuamuliwa na wengine kuwa msimbo, huyo mashine inamfikia, na wanaofikiwa mwanzo ni vijana waliotoka vyuoni juzi. Jambo hili linanihuzunisha kwa dhati, kwa sababu kazi hizo ndogondogo za kutengeneza fomu na ripoti ndizo zilizokuwa zikimpeleka kijana hadi kwenye ofisi ya chama kama hicho, akae na mhazini, alione daftari, na ajifunze kuuliza. Waajiri wanaofurahia kuokoa mishahara hiyo wangefanya vyema kujiuliza watampata wapi mtu wa kuuliza maswali hayo miaka kumi ijayo.

Turudi kwa walimu wetu. Kamati yao ikishakaa na kukubaliana kwamba riba itatozwa kwenye deni lililobaki, kwamba akiba iliyomdhamini mtu mwingine haikopewi tena, na kwamba mkopo wa anayekaribia kustaafu sharti umalizike kabla ya mshahara wake wa mwisho, kinachobaki ni mistari michache ya msimbo. Mistari hiyo akili mnemba itaiandika, na itaiandika vizuri, kabla mhazini hajamaliza kusaini muhtasari wa kikao.