Kabla hujaposti video ya mashine yako, hebu tuulizane kwanza ni ya nani

Habari zenu jamaa. Mimi kazi yangu ni ofisi ya inovesheni ya chuo hapa Mombasa, ile ofisi ambayo wanafunzi wanaipita kila siku wakienda kantini na hawajui mle ndani twafanya nini, na wacha niseme ukweli, walimu wengine pia hawajui. Kazi yenyewe ni hivi: mtu amefanya utafiti, amepata kitu, sasa anataka kile kitu kitoke maabara kiwe kampuni. Sisi ndo tunaokaa hapo katikati. Na maneno yote ninayowaambia vijana huishia palepale, kwamba kabla ya logo, kabla ya fulana, kabla hata ya jina la kampuni, jua kitu ni cha nani na nani atakitolea pesa. Basi. Mengine yote hujipanga nyuma ya hayo mawili.

Kuna kijana alikuja ofisini, hajakaa hata vizuri kashachomoa simu anionyeshe video. Amefanya projekti ya mwaka wa mwisho kuhusu kusafisha maji ya kisima. Sasa mtu wa Mombasa humwelezi maana ya maji ya kisima, ushaonja chai ya chumvi, ushaoga sabuni ikakataa kutoa povu, na unajua mkokoteni wa mitungi ukipita mtaani mbona watu wanaukimbilia. Maji matamu yetu yanatoka mbali, Mzima Springs, Baricho, Marere, Tiwi, na mfereji ukikauka ndo unarudi kwa kisima. Kwa hivyo kitu chake kilikuwa na maana kubwa, na wallahi nilifurahi. Nikamuuliza, hii video iko wapi? Akasema iko kila mahali, na tena karatasi yake ilichapishwa kwenye kitabu cha kongamano fulani. Lini? Akahesabu vidole, akasema mwaka na miezi mitatu hivi.

Nikanyamaza.

Manake iko hivi. Patenti, wenye Kiswahili chao wanaita hataza, inatolewa kwa kitu kipya, na upya hapo si ule wa dukani, maana yake ni kwamba kabla ya siku uliyopeleka maombi hakuna mahali popote duniani kile kitu kilishaanikwa hadharani. Na anayeanika hata akiwa ni wewe mwenyewe, kimeanikwa. Sheria yetu ya Kenya, ile ya mali ya viwanda ya mwaka 2001, ina huruma kidogo, kama ni wewe uliyekitangaza inakupa miezi 12 ukimbie KIPI, ile ofisi ya serikali inayotoa patenti, upeleke maombi. Marekani pia wana mwaka wao. Ulaya lakini hawana mchezo huo, ukishatangaza ushatangaza. Kijana wangu alikuwa amepitisha miezi mitatu, na alichokipoteza hakikuibwa na mtu, alikigawa mwenyewe kwa furaha akitafuta laiki.

Usidhani ni sisi tu wa huku tunaofanya hivo. Stanley Cohen wa Stanford na Herbert Boyer wa chuo cha California kule San Francisco walichapisha mwaka 1973 ile mbinu ya kukata na kuunganisha DNA, kitu ambacho biashara nzima ya bayoteknolojia imejengwa juu yake. Hawakuwaza patenti. Jamaa wa ofisi ya laisensi ya Stanford, yaani ile inayowapa watu ruhusa ya kutumia uvumbuzi wa chuo kwa malipo, akaja kuisoma habari yao kwenye gazeti mwaka uliofuata, akawafuata, wakasukumana wee mpaka maombi yakapelekwa Novemba 1974, imebaki kama wiki moja tu mwaka wao uishe. Marekani wakapata. Nchi za nje walikosa kabisa, kwa sababu karatasi ilishatoka. Ile patenti ya Marekani peke yake ililetea vile vyuo viwili zaidi ya dola milioni 200 mpaka ilipoisha 1997, sasa wewe piga hesabu za nchi zingine zote walizozikosa. Na Boyer mwenyewe, profesa wa watu, mwaka 1976 akaingia ubia na kijana mmoja wa mambo ya pesa anaitwa Robert Swanson wakaanzisha Genentech.

Kwa hivyo usije ukasema ofisi inakukataza kuchapisha. Chapisha, ndo kazi ya msomi. Ila peleka maombi kwanza, hata ikiwa ni siku moja kabla ya kongamano. Ukishapeleka hapa Kenya una miezi 12 ya kuamua unataka na nchi gani nyingine, unaweza kupitia ARIPO, shirika la mali ya ubunifu la kanda ya Afrika lililoko Harare, kwa nchi zilizomo, au PCT, ule mfumo wa kimataifa wa maombi ya patenti, unaokupa mpaka miezi 30 kabla hujaanza kulipa nchi moja moja, na hapo ndo pesa nyingi huenda. Patenti ikitoka inakaa miaka 20 toka siku ya maombi, na kila mwaka unailipia, usipolipa inakufa. Kama kitu chako ni kipya lakini si ajabu sana, yaani ni kifaa ulichokiboresha tu, kuna kile cheti cha yutiliti modeli, hicho ni miaka 10 na masharti yake ni mepesi. Na kama ni programu ya kompyuta, maandishi yake, yaani ile code, yanalindwa na hakimiliki toka unapoyaandika, hapo hamna haja ya kukimbizana.

Huyu kijana mlango haukumfungikia wote. Toka ile video alikuwa ameongeza kitu, njia ya kuosha utando wa filta, ile ngozi nyembamba inayochuja maji, bila kuufungua, na hiyo alikuwa hajamwonyesha mtu. Nikamwambia mwanangu, hilo usilitoe mdomoni hata kwa rafiki yako wa chumba.

Sasa tukaja kwenye swali lenyewe. Ni cha nani?

Akasema changu. Haya, pampu alitoa nani? Chuo. Utando ulinunuliwa na pesa za nani? Za ruzuku ya supavaiza wake, na ile ruzuku ilitoka kwa washirika wa nje ambao walisainisha mkataba, na mkataba una ukurasa mzima unaosema matokeo ni ya nani, ukurasa ambao mimi nakuhakikishia hakuna aliyeusoma. Wazo la kuosha utando ni lake au waliliongea na supavaiza pale kwa ubao? Hapo akaanza kukuna kichwa. Sheria inasema kitu kilichovumbuliwa na mwajiriwa ndani ya kazi yake ni cha mwajiri, isipokuwa mkataba wao useme vingine, kwa hivyo supavaiza anaingia hapo moja kwa moja. Mwanafunzi yeye hakuajiriwa, ila kuna fomu alizosaini siku ya kujiunga, na kuna sera ya chuo kuhusu mali ya ubunifu, na zile ndo zinaamua. Chuo chako kina sera kama hiyo, nenda kaiulizie. Ukiambiwa haipo, omba kila kitu kwa maandishi.

Watu wakisikia chuo kina haki wanaona kama wanaibiwa, ndo mtu anaamua kufungua kampuni kimyakimya. Mimi naona hilo ni kosa kubwa kuliko ile video. Kampuni kufungua ni rahisi, unaingia eCitizen, sheria ya kampuni ya 2015 inaruhusu hata mtu mmoja peke yake, siku chache una cheti chako. Lakini siku mwekezaji akija, wakili wake swali la kwanza ni karatasi ya umiliki. Ukikosa, anafunga faili lake, anaondoka, na hatakwambia sababu.

Tazama Google. Larry Page na Sergey Brin walikuwa wanafunzi wa PhD pale Stanford, ile mbinu yao ya kupanga kurasa za mtandao, PageRank, patenti yake iliandikishwa kwa jina la Stanford, si lao. Kampuni ikachukua laisensi, chuo kikapewa hisa milioni 1.8 hivi, na kilipoziuza kikaja kupata dola milioni 336. Kuna aliyefilisika hapo? Na kuna kisa chengine mimi hukipenda sana, Agosti 1998 mwekezaji mmoja, Andy Bechtolsheim, aliwaandikia cheki ya dola laki moja, kwa jina la Google Inc., na hiyo kampuni ilikuwa bado haijazaliwa. Cheki ikakaa ndani ya dawati hata hawawezi kuipeleka benki, mpaka Septemba waliposajili. Yaani wao pesa iliwatangulia cheti, sisi huku tuna vyeti vimejaa droo na pesa hatuijui rangi yake.

Na hisa baina yenu wenyewe zigawanyeni mapema, mchana, kwa kalamu. Mara nyingi huja watatu, wawili vijana na mwalimu wao, wanasema tumegawana sawa kwa sawa, halafu baada ya miezi sita mmoja amepata kazi Nairobi au Qatar amekwenda zake na thuluthi ya kampuni iko mfukoni mwake milele. Dawa yake ni kuzifanya hisa ziive polepole, yaani mtu azipate kidogo kidogo kadri anavyobaki kwenye kampuni, kawaida ni miaka 4, na mwaka wa kwanza usipokwisha hupati hata moja. Mwalimu naye kama haachi kazi yake ya kufundisha, na wengi hawaachi, basi awe mshauri na fungu lake linalolingana na hiyo kazi. Kumwambia mwalimu wako hivo ni kugumu, najua, mtu amekusomesha unamheshimu kama mzazi. Ndo maana ofisi iko. Nyinyi leteni lawama kwetu, sisi tumezoea.

Pesa za kuanzia sitazisema sana, kuna KENIA, shirika la serikali la inovesheni, na kuna NRF, mfuko wa taifa wa utafiti, zote zilitokana na sheria ya sayansi na teknolojia ya 2013, kuna mashindano ya kila aina, kuna hab, yaani vituo vya wabunifu, kama Swahilipot pale karibu na Fort Jesus ambapo unaweza kupata watu wa kukupa mawazo. Ila chunga usije ukawa mtu wa mashindano. Nimewaona vijana wana cheki za mbao za mita moja moja zimejaa ukutani, mteja hata mmoja hawana.

Turudi kwa maji. Mashine yake kule maabara ilikuwa inafanya kazi vizuri, na maji ya maabara ni maji uliyochanganya chumvi wewe mwenyewe kwa kijiko. Kisima cha mtaani kina chumvi, kina chokaa, kina mchanga na vitu vingine mimi sitaki kuvitaja watu wakiwa wanakula. Hii si shida yake peke yake. Huu utando wa osmosisi, unaopitisha maji na kuzuia chumvi, unaotumika leo duniani una historia yake: watu wa Chuo Kikuu cha Florida walishaonyesha miaka ya 50 kwamba utando wa selulosi asetate unazuia chumvi, tabu ni kwamba maji yalikuwa yanapita pole pole mno, hayana faida kwa mtu. Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan pale UCLA ndo wakaja kupata jinsi ya kuutengeneza upitishe maji mengi, ilikuwa kama 1960. Hapo ungedhani mwaka ujao watu wanakunywa. La. Ilifika 1965 ndo mji mmoja mdogo wa California, Coalinga, ukapata mtambo wa kuhudumia watu kwa utando ule. Miaka mitano, na pesa za Marekani. Kwa hivyo ukiniambia miezi mitatu uko sokoni mimi nakutazama tu.

Nikamwambia nenda kaifunge kwa kisima cha ukweli, iache miezi, na ukiwa huko uliza watu. Akauliza majirani, kila mtu akasema ni nzuri mashaallah. Kusema nzuri ni bure. Alipowaambia bei wakamwambia watamwita. Watu wa nyumba za kupanga hawanunui mashine, nyumba si yao. Wenye nyumba hawanunui, si wao wanaokunywa. Akazunguka karibu mwaka mzima, na humo ndani kukawa na mambo ya KEBS, shirika la viwango, kwa sababu maji ya kunywa yana kiwango chake KS EAS 12 na huwezi kumuuzia mtu mashine ya maji kwa maneno matupu, halafu kuna yale maji machungu yanayobaki baada ya kusafisha, utayamwaga wapi, ukiyarudisha kisimani si umejiharibia mwenyewe? Swali hilo kwenye tasnifu yake lilikuwa na mstari mmoja tu. Huku nje likawa na kikao kizima.

Mwisho aliyemsikiza ni kamati ya msikiti mmoja huko Kisauni. Wana kisima, wana watu wanaokuja mara tano kwa siku, wana na madrasa hapo. Tulikwenda pamoja. Kijana akaanza kueleza utando, presha, asilimia, na yule mzee wa kamati akamwacha mpaka akamaliza. Halafu akamuuliza, "Sasa mwanangu, hii ikiziba siku ya Ijumaa, mimi nampigia nani simu?"

Kijana akanitazama mimi. Mimi nikatazama mkeka.

Tukarudi baada ya wiki mbili na karatasi ya ukurasa mmoja, ina nambari ya simu, siku ngapi fundi atakuwa amefika, na bei ya kubadilisha filta kila baada ya miezi kadhaa. Mzee akasoma, akamuuliza mwenzake kitu kwa sikio, akasaini. Mashine yenyewe waliinunua karibu na bei ya kuitengeneza, hapo hakupata cha maana. Hizo filta ndo zinazomlipa fundi wake mpaka leo.