Kiongozi populisti yupi ni hatari zaidi duniani? Dhana potofu tunazobishania na ukweli ulivyo

Kila watu wakikaa kuongelea siasa za dunia lazima mmoja aulize kati ya hawa viongozi mapopulisti nani hatari zaidi, Trump, Bolsonaro, Orbán, Duterte, Chávez enzi zake, halafu mjadala unageuka ubishi wa Simba na Yanga. Nikisema populisti namaanisha yule anayesimama jukwaani anasema wananchi wa chini wote ni safi, wakubwa wote ni wezi, na mimi peke yangu ndo sauti yenu, kwa hiyo anayenipinga mimi anawapinga nyie. Hapo kwenye "anayenipinga anawapinga nyie" ndo pana sumu, mengine hata mgombea udiwani anayasema.

Dhana: anayeropoka zaidi ndo hatari zaidi

Ukweli: mdomo unaonekana kwa sababu kamera zinaufuata, karatasi hazifuatwi na kamera. Mchukue Viktor Orbán wa Hungaria. Mwaka 2010 chama chake kilipata kama asilimia 53 ya kura lakini kikaondoka na theluthi mbili ya viti vya bunge, na ukishakuwa na theluthi mbili katiba unaibadili bila kumbembeleza mtu. 2011 wakapitisha katiba mpya, umri wa majaji kustaafu ukashushwa kutoka miaka 70 mpaka 62, majaji wazoefu wakatakiwa kufungasha. Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilikuja kusema hapana mwaka 2012, ila nafasi nyingi zilikuwa zimeshajazwa. Hapakulia bunduki hata moja, kila kitu kina saini na muhuri.

Sisemi mropokaji hana madhara. Rodrigo Duterte wa Ufilipino alitukana karibu kila mtu, na kwa hesabu za serikali yenyewe polisi waliua zaidi ya watu 6,000 kwenye vita yake ya madawa ya kulevya. Machi 2025 alikamatwa Manila akapelekwa The Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC). Lakini kilichoua watu pale ni polisi kujua hakuna atakayewauliza, matusi peke yake hayaui.

Dhana: populisti ni populisti tu, popote ukimweka uharibifu ni uleule

Hapa naomba nikae kidogo maana hili linatuhusu.

Jair Bolsonaro wa Brazili mwezi Machi 2020 aliita korona kamafua kadogo. Juni 5, ijumaa, tovuti ya wizara ya afya yenye namba za wagonjwa na vifo ikazimwa, kesho yake ikarudi lakini jumla yote imeondolewa, zimebaki za saa 24 zilizopita tu. Unajua kilichofuata? Vyombo vya habari vikubwa vinavyoshindana kila siku vikaungana vikaanza kujumlisha vyenyewe namba kutoka kila jimbo, na jumatatu jaji wa Mahakama ya Juu, Alexandre de Moraes, akaamuru namba zirudishwe, jumanne zikarudi. Siku nne tu.

Sasa kwetu Tanzania. Mpaka mwanzoni mwa Mei 2020 zilikuwa zimetangazwa namba, wagonjwa 509 na vifo 21, na baada ya hapo kimya, mpaka 2021 Rais Samia alipoingia. Hakuna mahakama iliyoamuru chochote. Najua hayati Magufuli anapendwa na wengi, na upendo ule haukutoka hewani, watu walikuwa wamechoka kuzungushwa maofisini na kuona mali ya umma inaliwa, kumwita mtu mjinga kwa sababu alimshangilia kiongozi anayewatumbua wezi ni kumkosea heshima. Ila mimi nakumbuka nimejifunika blanketi juu ya sufuria la majani ya mwarobaini, malimao na tangawizi, jasho linatiririka mpaka machoni, nje redio ya jirani inaongea, na kitu pekee nilichotaka kujua ni mtaani kwetu hali ikoje, niende msibani nisiende. Hakukuwa na mtu wa kunijibu.

Marais wawili, wote wakizibeza barakoa na karantini, namba zikafichwa, nchi moja ikazipata kwa siku nne nyingine kwa zaidi ya mwaka. Tofauti ni breki. Na breki zenyewe hazizuii kila kitu, Brazili walizika zaidi ya watu laki 7.

Dhana: upopulisti ni ugonjwa wa mrengo wa kulia

Hugo Chávez wa Venezuela alikuwa wa kushoto kabisa, yaani mjamaa, aliingia 1999 na kura halali za maskini waliosahaulika kweli. Mahakama ikajazwa watu wake, mafuta yakawa mfuko wa chama, na chini ya mrithi wake Maduro zaidi ya Wavenezuela milioni 7 waliikimbia nchi. Mrengo haukusaidii kutabiri.

Dhana: ameingia kwa kura atatoka kwa kura

Wengine ndio, López Obrador wa Meksiko alimaliza muda wake 2024 akakabidhi ofisi. Lakini Alberto Fujimori wa Peru alichaguliwa 1990 na Aprili 5, 1992 akaweka vifaru mitaani Lima akafunga bunge, na kinachoniumiza zaidi ni kwamba Waperu wengi walishangilia siku ile. Bolsonaro alishindwa Oktoba 2022, Januari 8, 2023 wafuasi wake wakavamia na kuharibu majengo ya bunge, mahakama na ikulu, yeye mwenyewe 2025 akahukumiwa miaka 27 kwa kupanga mapinduzi.

Dhana: nchi yake, shida yake

Inategemea mkono wake unafika wapi. Hungaria ina watu hawafiki milioni 10, lakini kwa kuwa kwenye baadhi ya maamuzi makubwa Umoja wa Ulaya unahitaji nchi zote wanachama zikubali, Desemba 2023 Orbán peke yake alizuia yuro bilioni 50 za Ukraine mpaka Februari 1 iliyofuata. Huo ni mkono mrefu kwa nchi ndogo.

Ukinilazimisha nichague nani hatari zaidi kwa dunia nzima nitasema rais yeyote populisti wa Marekani, na siyo kwa sababu Trump ana roho mbaya kuliko Duterte. Ni mkono. Januari 20, 2025 aliweka saini kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI huku kwetu kwa miaka zaidi ya 20 zimeegemea PEPFAR, mfuko wa Marekani wa kupambana na UKIMWI alioanzisha Rais Bush 2003. Kibali cha dharura kilitoka siku chache baadaye, lakini wafanyakazi wa miradi walikuwa wameshaambiwa wakae nyumbani, wale wanaompigia mgonjwa simu, mama hujaja kuchukua dawa wiki hii, kuna nini. Huyo mama hakupiga kura kule Pennsylvania, Marekani.