Karatasi za noti za muziki: yanayosemwa Mombasa na yaliyo kweli

"Gramu 80 yatosha." Gramu hizi ni uzito wa karatasi kwa mita mraba. Yatosha barua na risiti. Noti huchapwa pande mbili, na taa inapowaka nyuma ya stendi, noti za upande wa pili hujitokeza katikati ya mistari mitano ya upande huu. Mwimbaji akasoma alama ambayo haipo. Mpiga kinanda achapiwe kwenye gramu 100 hadi 120 kwa mita mraba. Hata hivyo uzito peke yake hauzuii mwanga, kwani rimu mbili za gramu 100 zaweza kutofautiana. Kabla ya kununua, chapa ukurasa mmoja, ugeuze, uinue dirishani. Ukiweza kuhesabu noti kwa nyuma, tafuta karatasi nyingine. Ikiwa dukani kuna 80 tu, chapa upande mmoja.

"Basi ikizidi uzito ndiyo bora." Hapana, hasa kwa kwaya. A4 moja ya gramu 80 ina gramu 5, ya 120 ina gramu 7.5. Faili la karatasi 60 hutoka gramu 300 hadi 450, na mwimbaji hulishika mkononi ibada nzima. Kwaya yafaa 90 au 100. Kuanzia 160 ni za jalada: zikikunjwa hupasuka mkunjoni, na zikifunuliwa hupiga kelele wakati wa kimya.

"Inayong'aa ndiyo ya kifahari." Hurudisha taa machoni, na penseli haishiki. Chagua isiyong'aa, ya rangi ya maziwa ukiipata.

"Ikijikunja, ni mbovu." Mara nyingi kosa ni la uhifadhi au la uelekeo wa nyuzi zinazounda karatasi. Hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi, masika zaidi. Rimu iliyoachwa wazi hunywa unyevu kuanzia kingo. Kingo zikafanya mawimbi, karatasi zikakwama kwenye printa. Fungua rimu siku ya kuchapa, inayobaki irudishe kwenye kifuniko chake, uitie mfuko wa plastiki, uilaze bapa mbali na sakafu na ukuta.

Nyuzi nazo zataka kusimama wima kwenye stendi, sambamba na mkunjo wa kitabu. Zikilala, ukurasa huinama kwa juu na feni huuangusha. Hili huwapata sana wanaokunja A3 kuwa kitabu, kwa kuwa A3 nyingi za madukani zina nyuzi zinazofuata upande mrefu, kinyume cha mkunjo. Pinda karatasi taratibu kwa urefu, kisha kwa upana: inakopindika kwa wepesi, mstari wa mkunjo ndio uelekeo wa nyuzi. Muulize mchapaji kabla hajakata.

"Printa yoyote hukubali karatasi yoyote." Printa ya leza inayoachwa kwenye mpangilio wa karatasi ya kawaida haitoi joto la kutosha kwa gramu 120. Tona, yaani wino wa unga, haishiki vizuri, na noti hubanduka pale kidole kinapogeuzia ukurasa. Mwambie mchapaji aweke mpangilio wa karatasi nzito, kisha sugua ukurasa wa kwanza kwa kidole kabla hajaendelea.