Melazma: kwa nini madoa ya usoni hurudi baada ya kufifia

Wagonjwa wengi wa melazma ninaowahudumia hapa Dar es Salaam hawaanzi matibabu kwangu. Madoa yao ya hudhurungi, yanayokaa mashavuni, kwenye paji la uso na juu ya mdomo, kwa kawaida pande zote mbili, yaliwahi kufifia kisha yakarudi, nao huamini kwamba dawa ya kwanza ilikuwa dhaifu na sasa wanahitaji iliyo kali zaidi. Mara nyingi dawa ile haikuwa na kasoro. Kilichokosekana ni kinga dhidi ya jua, na ilikosekana pale uso ulipokuwa umetakata.

Katika melazma, seli zinazotengeneza rangi ya ngozi huwa nyepesi kuchokozeka. Homoni za ujauzito, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni na urithi wa ukoo huziandaa, kisha jua huzichokoza. Dawa huondoa rangi iliyopo na kupunguza inayotengenezwa, lakini haiondoi wepesi huo, na kwa jua la pwani yetu wiki chache bila kinga zinatosha kuyarudisha madoa.

Jambo ambalo wengi hawajaambiwa ni kwamba miale ya urujuanimno si adui pekee. Kwa ngozi nyeusi, hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, hasa sehemu yake ya buluu, hukoleza madoa, na losheni nyingi za kukinga jua hazizuii mwanga huo. Kwa hiyo huwashauri wagonjwa wangu watafute losheni yenye SPF (kipimo cha kinga dhidi ya jua) ya 30 au zaidi, iliyotiwa oksidi ya chuma. Utaitambua kwa rangi yake ya kahawia, nayo haiachi weupe usoni. Kiasi kinachofaa kwa uso na shingo ni mistari miwili iliyokamuliwa kwa urefu wa kidole cha shahada na cha kati, ilhali wengi ninaowaomba wanionyeshe hupaka tone lisilozidi punje ya mahindi. Anayeshinda nje apake tena kila baada ya saa 2, na avae kofia pana au ajitande mtandio.

Kinachoniumiza zaidi ni mkorogo, yaani mchanganyiko wa kujichubua ngozi. Mgonjwa huweka mezani kopo lisilo na lebo, na kwa kuutazama uso wake naweza kukisia kilichomo. Steroidi kali, dawa za kutuliza uvimbe wa ngozi, hung'arisha uso kwa haraka, na hapo ndipo mtu hunaswa, kwa maana baadaye ngozi huwa nyembamba, vishipa vyekundu hujitokeza, chunusi huzuka, na akiacha kupaka uso huwaka moto. Haidrokwinoni, dawa ya kupunguza rangi ya ngozi, ikitumiwa kwa miaka bila usimamizi huweza kuacha vipele vidogo vya rangi ya buluu iliyokoza mashavuni, na vipele hivyo ni vigumu mno kuviondoa. Zebaki nayo hupenya mwilini na kudhuru figo. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki, hata hivyo bado vinauzwa kwa kificho.

Haidrokwinoni hiyohiyo, ikiwa ya asilimia 4 na kusimamiwa na daktari, kwa kawaida pamoja na tretinoini (dawa ya jamii ya vitamini A) na steroidi hafifu, ni tiba nzuri kwa miezi michache. Baada ya hapo humhamishia mgonjwa kwenye asidi ya azelaiki ya asilimia 15 hadi 20, dawa nyingine ya kupaka inayopunguza madoa, ambayo anaweza kuendelea nayo kwa muda mrefu. Vidonge vya asidi ya traneksamiki husaidia baadhi ya wagonjwa sugu, lakini kwa kuwa ni dawa inayosaidia damu kuganda, simpi mtu aliyewahi kuganda damu mishipani.

Mama mjamzito simwandikii tretinoini wala haidrokwinoni. Humpa losheni ya kukinga jua na, ikibidi, asidi ya azelaiki, kisha tunasubiri, kwa kuwa kwa wengi madoa hupungua yenyewe katika miezi inayofuata kujifungua. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango naye asiviache kwa uamuzi wake mwenyewe, bali azungumze kwanza na mhudumu wake kuhusu njia nyingine isiyo na estrojeni.