Meza ya kulehemu kwanza, printa ya 3D baadaye

Mgeni akiingia kwenye karakana yetu hapa Dar es Salaam, macho yake huenda moja kwa moja kwenye printa ya 3D. Anataka aione ikifanya kazi, anapiga picha, anauliza inauzwa shilingi ngapi. Simlaumu, mashine inavutia. Lakini mimi ni fundi wa elektroniki, kazi yangu pale ni kusimamia meza ya kulehemu, na baada ya kuona watu wengi wakija na kupotea nina msimamo wangu: meza hii ndiyo inayojenga jumuiya. Anayetazama printa hubaki mtazamaji. Aliyeshika chuma cha moto mwenyewe, akaunganisha waya zikashika, kesho utamwona tena.

Karakana za namna hii, ambazo wenyewe huziita hakaspesi au meikaspesi, zina historia yake. Berlin kuna c-base iliyoanza mwaka 1995, na Vienna kuna Metalab ya mwaka 2006. Mwaka 2007 kundi la Wamarekani lilikwenda Ujerumani kwenye kambi kubwa ya wanakompyuta, likatembelea karakana hizo, likarudi nyumbani na wazo. Muda si mrefu zikazaliwa NYC Resistor jijini New York na Noisebridge jijini San Francisco. Mpango ni uleule kote: watu wanachanga kodi ya pango, vifaa ni vya wote, na hakuna bosi anayekupangia cha kutengeneza. Kwetu Afrika mfano ninaoupenda uko Lomé, Togo. Kwenye karakana ya WoeLab, Kodjo Afate Gnikou aliunda printa ya 3D mwaka 2013 kwa kutumia sehemu za kompyuta na skana zilizotupwa, na gharama yake ilitajwa kuwa kama dola 100. Hiyo printa naiheshimu kuliko ya kununua, maana kila skrubu yake ina mtu aliyeifikiria.

Ufundi wa kushirikiana hatukufundishwa na Berlin. Nenda mtaa wa Gerezani hapa jijini uone watu wanavyoazimana nyundo na mashine ya kuchomelea. Tofauti iko kwenye maarifa. Kijana anayejifunza kwa fundi anabeba vifaa, anatumwa chai, anaangalia, na mara nyingi hatua ya mwisho fundi huifanya amegeuka upande, kwa sababu hiyo ndiyo inayomlisha. Namwelewa. Kwetu, kuficha ndicho kitu pekee ambacho hakikubaliki. Ukitatua jambo unaliandika kwenye daftari la mezani, pamoja na mchoro, hata kama ni wa kalamu ya risasi na mistari imepinda.

Kazi iliyotukusanya zaidi ni vihisi vya vumbi la hewa, yaani vifaa vidogo vinavyopima hewa ina vumbi kiasi gani. Jiji letu lina moshi wa mkaa, moshi wa taka zinazochomwa nyuma ya nyumba, moshi wa magari, na vumbi la barabara. Watu wanaoishi nao wanaujua kwa pua na kifua, ila hawana namba ya kumwonyesha mtu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linataka chembe ndogo zinazoitwa PM2.5 zisizidi wastani wa mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo kwa mwaka, na 15 kwa siku moja. Chembe hizo zina kipenyo cha mikromita 2.5 au chini ya hapo, kwa hiyo pua haizizuii. Zinashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu.

Muundo wa kihisi hatukuubuni sisi. Ulianzia Stuttgart, Ujerumani, mwaka 2015, kwa kundi la watu waliojitolea, na sasa mtandao wake unaitwa Sensor.Community. Michoro na programu viko huru kwa kila mtu. Ndani mna vitu vitatu: kihisi cha vumbi kiitwacho SDS011, bodi ndogo yenye chipu ya ESP8266 inayozungumza na Wi-Fi, na kihisi cha joto na unyevu. SDS011 ina feni ndogo inayovuta hewa ipite mbele ya mwanga wa leza. Chembe ikipita, mwanga unatawanyika, jicho la elektroniki pembeni linaunasa, na chipu inakadiria wingi wa chembe. Kiwanda kinaipa leza hiyo umri wa hadi saa 8,000, ambazo ukiiacha ikiwaka mfululizo haziufikii hata mwaka mmoja. Ndiyo maana programu huiamsha kila baada ya kama dakika mbili na nusu, ikapima, kisha ikailaza.

Nyumba ya kihisi ni viwiko viwili vya bomba la plastiki la milimita 75, vile vya maji taka, vinavyopatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Unaviingiza kimoja kwenye kingine, mdomo unaangalia chini, mvua haiingii. Sisi tunaongeza wavu wa dirishani mdomoni, kwa sababu buibui wa Dar es Salaam hupenda sana hiyo nyumba, na uzi wake mmoja mbele ya leza unatosha kukupa namba za ajabu.

Kuunganisha ni waya nne tu, lakini hapo ndipo mafunzo yote yalipo. Mbili ni za umeme. Mbili ni za mawasiliano, na lazima zipishane: waya wa kutuma wa kihisi uende kwenye mguu (pini) wa kupokea wa bodi, na wa kupokea uende kwenye mguu wa kutuma. Wanaoanza huziunganisha sambamba, kifaa kinawaka vizuri ila namba haziji. Tatizo la pili ni chaja za bei rahisi. Imeandikwa volti 5, ukipima kwa mita bila mzigo unazipata volti 5, lakini Wi-Fi ikianza kutuma bodi inahitaji umeme mwingi kwa ghafla, volti zinaporomoka, bodi inajizima na kujiwasha upya usiku kucha. Kwa hiyo tunapima chaja ikiwa kazini.

Halafu kuna unyevu, na hapa ndipo watu wa pwani tunapotakiwa kuwa waangalifu. Leza haijui tofauti kati ya chembe ya moshi na chembe iliyovimba kwa maji. Unyevu ukipita asilimia 70 hivi, SDS011 huanza kuonyesha vumbi zaidi ya lililopo, na alfajiri zetu mara nyingi hupita asilimia 80. Mtu akiitazama chati bila kujua hilo, ataapa kwamba jiji linaungua saa kumi na moja asubuhi. Ndiyo sababu hatukubali kihisi cha vumbi kiwekwe bila kihisi cha unyevu, na kabla ya kukipeleka kwa mtu tunakining'iniza nje ya dirisha letu pamoja na wenzake. Kinachotofautiana sana na kundi kinarudi mezani. Namba inayotoka hapo si ya kumpeleka mtu mahakamani. Ni ya kujua saa gani na upande gani wa mtaa moshi unazidi, na hilo kwa mama anayepanga saa ya kufungua dirisha la chumba cha mtoto ni jambo kubwa.

Jioni za kazi tunakaa kwenye meza ndefu, na kila mtu analeta kazi ambayo haijaisha. Tunaye mzee aliyetengeneza redio maisha yake yote. Hana haja na Wi-Fi, ila mkono wake kwenye chuma hauna mfano. Wakati mmoja binti wa sekondari alikuwa anahangaika, risasi ya kulehemu inajikunja kuwa tone na kukataa kushika. Mzee akasogeza kiti.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba mjukuu wangu. Usiyeyushie risasi kwenye chuma ukaibeba. Kwanza pasha moto mguu na bodi vyote viwili, hesabu moja, mbili, halafu risasi iguse mguu. Itakimbia yenyewe.”

Ikakimbia. Kiungo kizuri kinang'aa na kuteremka kwa mteremko laini mpaka kwenye bodi, na kibaya kinakaa juu kama mpira, na ufa wa duara chini yake. Alichofanya mzee baada ya hapo ndicho ninachowataka wakufunzi wote wafanye: alirudisha mikono mapajani. Nimeona mara nyingi, hasa mwanafunzi akiwa msichana, mtu anayesaidia anamnyang'anya chuma kwa nia njema, anamaliza kazi kwa dakika moja, na aliyekuja kujifunza anaondoka na kifaa kinachofanya kazi na mikono isiyojua kitu. Sasa ni kanuni yetu: elekeza kwa mdomo, chora kwenye karatasi, usishike.

Usalama nausema kila siku bila kuchoka. Ule moshi unaopanda wakati wa kulehemu ni wa utomvu wa msonobari uliomo ndani ya waya wa risasi. Nyuzijoto 350 za chuma hazifanyi madini ya risasi yenyewe yawe mvuke, lakini moshi unakera mapafu, kwa hiyo feni iwashwe na mtu asiinamie kazi. Madini yanabaki vidoleni. Nawa kabla ya kugusa chapati.

Jambo linaloziua karakana nyingi ni msaada wa vitu vibovu. Mtu akihamisha ofisi anakuletea kompyuta zilizokufa, unapokea kwa heshima, na baada ya muda huna pa kuweka kiti. Tunapokea kitu kama yupo mtu aliyeandika jina lake kwamba atakifungua. Betri za laptopu zilizovimba hatuzipokei kabisa, maana lithiamu ikishika moto ndani ya chumba hakuna ndoo ya mchanga itakayotuokoa.

Kwa anayefikiria kuanzisha karakana mtaani kwake, fedha za mwanzo zipeleke kwenye vyuma viwili vya kulehemu vyenye kurekebishika joto, mita mbili za kupimia umeme, taa nzuri, feni, meza imara na daftari. Printa yetu sasa ina kazi nayo: inatoa vishikizo vya kukazia kihisi ndani ya bomba. Vishikizo hivyo alivichora binti yuleyule, na kwa sasa anajaribu toleo lenye nafasi ya kufungua wavu bila kulegeza skrubu, ili tuweze kuwatoa buibui kabla mvua za masika hazijaanza.